Kati ya 1776 na 1789, Marekani iliongozwa na nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Vitabu vinasema Marekani ilitangaza uhuru 1776, na George Washington akaapishwa kuwa rais wa kwanza 1789. Miaka hiyo 13 nani aliongoza nchi? Mtandaoni wapo wanaodai rais wa kwanza hasa ni John Hanson. Na kama katiba ya kwanza ilikuwepo, kwa nini waliitupa?

JIBU: Marahaba. Umegusa mahali ambapo wengi hupita bila kusimama.

Hakuna aliyeongoza nchi kwa maana unayoifikiria, kwa sababu cheo chenyewe hakikuwepo. Kulikuwa na Kongresi, yaani bunge la wajumbe wa majimbo, na mwenyekiti wake aliitwa rais. Hanson wa Maryland alichaguliwa Novemba 1781 kukalia kiti hicho kwa mwaka mmoja. Aliendesha vikao na kushughulikia barua, basi. Hakuwa amiri jeshi, wala hakuwa na uwezo wa kuukataa muswada. Hata katika mlolongo wa wenyeviti hao yeye si wa kwanza: Peyton Randolph alikikalia kiti hicho 1774, kabla ya uhuru.

Katiba uliyoitaja ni Mkataba wa Shirikisho, uliopitishwa na Kongresi 1777 na kuanza kazi 1 Machi 1781 baada ya Maryland, jimbo la mwisho, kuuridhia. Hapa Kiswahili chetu kinaweza kukutega, maana neno shirikisho tunalitumia kwa nchi moja yenye majimbo na pia kwa nchi kadhaa zilizopatana. Mkataba ule ulikuwa wa aina ya pili. Wenyewe unauita umoja huo urafiki. Kila jimbo lilibaki na mamlaka yake, na kila jimbo lilikuwa na kura moja, Virginia kubwa sawa na Delaware ndogo.

Ugonjwa wake ulikuwa fedha. Kongresi haikuwa na haki ya kutoza kodi. Iliyaandikia majimbo kuomba mchango, nayo yalilipa yalipotaka. Nchi ilikuwa imetoka vitani ikiwa na deni kwa Ufaransa, kwa Waholanzi na kwa askari wake yenyewe. Juni 1783 askari wenye madai ya mishahara walilizingira jengo la Kongresi mjini Philadelphia, na wajumbe wakakimbilia Princeton. Hebu fikiria: bunge la taifa lililoishinda Uingereza linakimbia askari wake lenyewe kwa sababu halina cha kuwalipa.

Dawa ilijulikana, ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje. Lakini kubadili mkataba kulihitaji majimbo yote 13 yakubali. Rhode Island ikakataa 1782. Pendekezo jipya la 1783 likakwama New York mwaka 1786. Jimbo moja lilitosha kuyafunga mikono majimbo 12 yaliyobaki.

Mwaka huohuo wa 1786 moto ukawaka Massachusetts. Jimbo lilitaka kodi kwa sarafu za fedha, ambazo mkulima wa magharibi hakuwa nazo. Mashamba yalikamatwa, wadaiwa wakafungwa. Wakulima, wengi wao askari wa zamani, wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu ili kesi za madeni zisisikilizwe. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, kapteni wa vita vya uhuru. Januari 1787 waliliendea ghala la silaha la Springfield, wakapigwa mizinga na wanne wakafa. Kikosi cha kuwasaka kililipiwa na matajiri wa Boston, maana Kongresi haikuwa na jeshi la kutuma. Mimi nawahurumia wakulima wale. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Hofu waliyoiamsha kwa wenye mali ndiyo iliyowasukuma wengi kukubali mkutano wa Philadelphia.

Mkutano ulifunguliwa 25 Mei 1787. Walikuja wajumbe 55 kutoka majimbo 12. Rhode Island haikutuma mtu. Walitumwa kurekebisha mkataba, wao wakaandika katiba mpya. Walijua kura ya majimbo yote isingepatikana, kwa hiyo wakaweka sharti jingine ndani ya katiba yenyewe: yakiridhia majimbo 9, inaanza kazi kati yao. Tena waamuzi wawe mikutano maalumu iliyochaguliwa na wananchi, si mabunge ya majimbo. Kwa sheria ya wakati ule jambo hilo halikuwa halali.

Kwangu hapo ndipo historia ilipogeuka, kuliko hata 1776. Serikali iliyokuwa ikiyaomba majimbo sasa ilimfikia raia mmojammoja, kwa kodi yake na mahakama zake.

Lakini usiisome katiba ile kama ushindi mtupu. Ilikubali watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya bunge, na ikazuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Neno mtumwa halimo katika maandishi. Waliandika "watu wengine". Cha kuuma ni kwamba Julai 1787, mkutano ukiendelea, Kongresi dhaifu ya zamani, ikiwa New York, ilipitisha sheria ya kukataza utumwa katika ardhi ya kaskazini-magharibi ya mto Ohio.

New Hampshire ikawa jimbo la 9 kuridhia, 21 Juni 1788. Washington akaapishwa New York 30 Aprili 1789. Siku hiyo North Carolina na Rhode Island zilikuwa bado nje. Rhode Island iliingia Mei 1790, mkutano wake ukiridhia kwa kura 34 dhidi ya 32, baada ya Seneti kupitisha muswada wa kukata biashara nayo.