Maandishi ya mwenzako usiyafute

Neno lilikuwa la herufi mbili tu: "No". Daktari alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba bibi hana mzio wa dawa, na mimi nimesimama na faili mkononi, najua kwamba nikilikata lile neno dogo la mwanzo, sentensi nzima itageuka iseme kweli.

Wakati huo nilikuwa muuguzi mgeni kazini, katika spitali moja hapa Pemba. Bibi alilazwa na nimonia. Saa mbili usiku muuguzi wa zamu akampa amoksilini kama faili lilivyoelekeza. Alfajiri namkuta ana vipele kifua kizima, midomo imevimba. "Mjukuu wangu," akaniambia, "mie nilisema penisilini ilishanidhuru zamani. Hakuna alonisikiliza." Na amoksilini ni ya ukoo huohuo wa penisilini. Dawa ikasimamishwa, daktari wa zamu akaja akambadilishia, na alhamdulillahi bibi alirudi kwake mzima.

Likabaki faili. Kalamu yangu ilishagusa karatasi pale muuguzi mkuu aliponishika mkono. "Ukikata hapa, mwanangu, kesho atakayesoma atamuona mwenzako wa usiku kampa mgonjwa dawa aliyokatazwa." Nilishikwa na baridi. Yule mwenzangu alisoma, akafuata alichosoma. Nia yangu njema ingemtia lawamani kwa kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza kazi, maelezo husahihishwa na aliyeyaandika. Hupiga mstari mmoja, ya mwanzo yakabaki yanasomeka, kisha huandika yaliyo sahihi pamoja na tarehe, saa na saini. Wino mweupe wa kufutia usiingie kwenye faili la mgonjwa. Wewe uliyegundua kosa, hata ukiwa daktari bingwa, andika maelezo yako mapya chini, kwa jina lako, halafu mwambie aliyeandika na anayemtibu mgonjwa saa hiyohiyo. Mwandishi akiwa amehama au amefariki, nyongeza yako inatosha. Maneno yake yaache. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo, na ndiyo maana nakusihi usimwazime mtu nywila yako: atakachoandika kitasomeka kuwa umeandika wewe.

Nanyi wagonjwa, na mnaouguza wazee, mna haki ya kuomba faili lisahihishwe. Karani anaweza kurekebisha jina au shehia yako kwa utaratibu wao, lakini habari za ugonjwa mwendee daktari, useme: "Naomba uandike kwamba dawa hii ilinidhuru." Nenda na cheti cha zamani kama unacho. Akikataa, andika barua kwa uongozi na ubaki na nakala. Marekani kanuni ya HIPAA, ya kulinda taarifa za wagonjwa, inaipa spitali siku 60 kujibu ombi kama hilo, na inaweza kujiongezea 30 mara moja tu. Ikikataa, mgonjwa anaweza kuandika pingamizi lake likaambatanishwa na kumbukumbu zake. Hata huko, hapewi kalamu akafuta mwenyewe.

Daktari wa bibi alirudi kutoka Unguja baada ya siku tatu. Alisoma nyongeza yangu kimya, akapiga mstari wake mmoja, akatia saini. Kisha akachukua wino mwekundu, akaandika penisilini juu ya jalada, kwa herufi kubwa.