Kabla ya Kugusa Mipangilio ya Barua Taka, Mtafute Aliyeificha Barua

Kazi yetu ya kutoa mizigo forodhani hapa Malaba inategemea barua pepe. Taarifa kwamba kontena limeshuka Mombasa ikilala kwenye folda ya taka, siku za bure za bandarini zinakwisha kimyakimya na mwenye mzigo anabebeshwa gharama. Kwa hiyo jirani akiniita na kulalamika kwamba Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, imemeza barua, mipangilio siigusi kwanza. Namtafuta aliyeificha.

Wanaoweza kuificha ni watatu: seva inayopokea barua zenu, Thunderbird yenyewe, au vichujio, yaani kanuni za kuhamisha barua zenyewe, vilivyowekwa na mtu hapo ofisini, pengine mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Hivi vya mwisho vikague upesi, ni orodha fupi tu. Kwa hao wawili, funga Thunderbird kwenye kompyuta zote, mwombe mteja atume barua tena, kisha fungua akaunti kwa kivinjari. Ukiikuta kwenye taka ilhali Thunderbird imefungwa, basi seva ndiyo iliyoitupa, na huko huko kwenye kivinjari ndiko uiambie kwamba si taka.

Wanaotumia POP, njia ya kushusha barua kutoka seva hadi kwenye kompyuta, wasome hapa kwa makini. Ofisi kadhaa ninazozijua zimeichagua ili barua zishuke na kusomeka hata mtandao ukipotea. Lakini POP huleta kikasha cha kuingia peke yake. Kilichotupwa na seva kwenye taka hakishuki kamwe, na hakuna kitufe ndani ya Thunderbird kitakachokileta. Ama uwe na mazoea ya kupita kwenye kivinjari kila asubuhi, ama uhamie IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, ambayo hukuonyesha na folda ya taka ya seva. Mimi nashauri IMAP.

Ikiwa ni Thunderbird, elewa inavyoamua. Inajifunza kwa kuhesabu maneno yaliyomo katika barua ulizoziita taka na zile ulizosema si taka. Sasa tazama barua halali ya wakala wa meli: kichwa kwa herufi kubwa tupu, ankara imeambatishwa, dola, namba ya akaunti ya benki, "lipa haraka". Matapeli nao huandika vivyo hivyo! Watu hubonyeza J kutwa nzima kutia barua alama ya taka, lakini Shift na J, ya kusema "hii si taka", hawaigusi. Programu inafundishwa upande mmoja tu. Chagua barua nyingi nzuri za mawakala, wateja na benki zilizomo kikashani, ubonyeze Shift na J. Kazi hiyo haimalizi hata muda wa chai, na ndiyo inayosaidia kuliko zote.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya barua taka, utie tiki kwenye vitabu vya anwani ambavyo watu wake wasihesabiwe kuwa taka. Fanya hivyo kwa kila akaunti, kwa sababu kila moja ina mipangilio yake. Kitabu kinachokusanya anwani za watu uliowaandikia ni kitabu tofauti, nacho kinahitaji tiki yake. Anwani yako mwenyewe usiiweke humo: matapeli hupenda kughushi barua ionekane imetoka kwako, nayo itapita bila kuguswa.

Kufuta mafunzo yote na kuanza upya kunawezekana, kwenye mipangilio ya jumla, upande wa faragha na usalama. Wengi hukimbilia hapo. Mimi nakuacha mwisho kabisa, maana ukishafuta, programu haijui lolote mpaka uifundishe tena pande zote mbili.

Na pale palipoandikwa kwamba barua taka zifutwe zenyewe baada ya siku 14, kama pana tiki, iondoe leo. Mteja anaweza kuulizia barua ya mwezi uliopita, na ikiwa bado imo kwenye taka, mtaipata.