Somo la maadili: kwa mwalimu anayeanza kazi Kigoma

Ukipangiwa somo la maadili, kishawishi cha kwanza ni kuandika ubaoni uaminifu, uwajibikaji, uzalendo, kisha wanafunzi wanakili. Mtihani watafaulu. Kesho yake asubuhi utawakuta wamejazana dirishani wakinakili kazi ya mwenzao. Maana ya uaminifu wanaijua. Kuamua ndiko hawajazoezwa, na zoezi hilo linataka kisa.

Kisa kiwe kifupi, sentensi nne au tano, na pande zote mbili ziwe na uzito. Mtoto kaiba kalamu, je, ni sawa? Hicho si kisa, jibu limeshatoka. Jaribu hiki: ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, kama Ziwa Tanganyika lilivyofungwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Mjomba anakupa ndoo ya dagaa umpelekee mteja. Hela yake ndiyo ya sare yako. Utaipeleka?

Kwa kipindi cha dakika 40, tumia 5 kusoma na kuuliza yasiyojulikana. Hapa usipaparuke. Dagaa hao wamevuliwa lini? Kama walianikwa kabla ya ziwa kufungwa, darasa zima limemhukumu mjomba bure. Kisha dakika 4 za kimya, kila mmoja aandike uamuzi na sababu yake. Ukiwanyooshesha mikono kabla hawajaandika, monita atasema "sipeleki" na darasa lote litamfuata. Dakika 10 wazungumze wawili wawili, 15 mjadala wa wote, na 6 za mwisho kila mmoja aandike upya uamuzi wake. Kubadilika ruksa, ila aseme kilichombadilisha.

Kwenye mjadala, badilisha kitu kimoja kimoja. Angekuwa jirani badala ya mjomba? Na mitumbwi yote ikifanya hivyo? Na wewe ukiwa mvuvi uliyetii, nyavu zako zimelala ndani miezi mitatu? Wengi watakujibu "ni sheria". Ni kweli, lakini waulize sheria hiyo inamlinda nani.

Kinachoharibu vipindi vingi ni uso wa mwalimu. Ukitabasamu kwa jibu la kwanza, mjadala umekwisha, kilichobaki ni kukupendeza wewe. Ila usiwaache na "kila mtu na mtazamo wake". Mwishoni sema wazi sheria inasemaje, na kwa nini "mbona wote wanafanya" ni sababu dhaifu.

Shule za karibu na mialo (sehemu za ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki) kama Kibirizi au Katonga zinataka uangalifu zaidi. Kwa baadhi ya watoto huyo mjomba wa kisa ni baba yao hasa, kwa hiyo usiulize nyumbani kwa nani wanavua. Mtoto akianza kueleza jambo zito la kwao mbele ya wenzake, mkatize kwa upole, umsikilize baada ya kipindi, kisha umhusishe mwalimu wa malezi.

Kusahihisha nako kuna mtego: uamuzi wenyewe usiupe alama, la sivyo wataandika unachopenda. Kati ya alama 10, toa 3 kwa kutenganisha kinachojulikana na kinachodhaniwa, 4 kwa kutaja wote watakaoguswa (hata mteja na wavuvi wengine), na 3 kwa kujibu hoja ya anayempinga. Hizo 3 za mwisho wengi watazikosa mwanzoni, basi waandikie ubaoni sentensi ya kuanzia: "Anayenipinga atasema..., lakini..."