Usikubali kuambiwa subiri uzeeke ndo ubadilishiwe nyonga

Juzi kuna msomaji kaniandikia inbox, ana miaka 47, mkimbiaji, nyonga ya kulia gegedu imeisha kabisa mfupa unasagana na mfupa, usiku halali, na daktari kamwambia "bado kijana, vumilia mpaka ufike 60". Aisee damu ilinichemka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na ile miaka niliyovumilia hakuna wa kunirudishia. Nilikuwa siwezi kuvaa soksi mwenyewe, kwenye gari natoka kwa kujivuta, na kuna watu wangu wa karibu kabisa walisema waziwazi kwamba habari yangu ya michezo imeisha. Leo, baada ya kubadilishiwa nyonga, napanda milima na naendesha baiskeli umbali ambao hao hao hawauwezi, na nalisema hili kwa fahari kabisa.

Hiyo "subiri" ina historia yake. Daktari wa upasuaji wa mifupa John Charnley kule Uingereza, hospitali ya Wrightington, ndo alianza mwaka 1962 kuweka nyonga ya kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki ngumu ya polietilini. Ilifanya kazi vizuri sana, ila plastiki ile ilikuwa inalika taratibu, vumbi lake linafanya mwili wenyewe uanze kula mfupa unaozunguka kiungo, kiungo kinalegea, unarudi mezani, na upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza. Kijana anayetembea sana angekimaliza mapema, kwa hiyo wakasema asubiri. Sawa, kwa wakati ule.

Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kutumia polietilini iliyopigwa mionzi ili nyuzi zake zishikane, inalika kidogo sana ukilinganisha na ile ya zamani, na vichwa vya seramiki vikazoeleka. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti unaoonyesha nyonga kama 58 kati ya 100 zinafika miaka 25, na magoti yaliyobadilishwa goti zima kama 82 kati ya 100. Na kumbuka hivyo ni viungo vya zamani, vilivyowekwa miaka 25 nyuma! Mwaka huo huo Andy Murray, mcheza tenisi, alifanyiwa upasuaji Januari, wakamfunika kichwa cha mfupa wa paja kwa kofia ya chuma badala ya kukikata, Oktoba akachukua ubingwa wa mashindano ya Antwerp kule Ubelgiji. Njia hiyo haimfai kila mtu, wanawake wengi na watu wenye mifupa midogo imewaletea shida, maana kikombe nacho ni cha chuma, na chuma kikisuguana na chuma kinaachia chembe mwilini.

Roboti ya upasuaji nayo naulizwa sana. Roboti haikupasui yenyewe, inatumia picha za CT (eksirei zinazoonyesha mfupa pande zote) kupanga na inamshikilia daktari asipitilize mpango, kiungo kinakaa sahihi zaidi, ila kwamba kitadumu zaidi bado haijathibitika. Mimi ningejali zaidi mkono wa daktari, anabadilisha nyonga ngapi kwa mwaka. Hilo muulize bila aibu.

Halafu misuli ndugu yangu, misuli! Anza mazoezi KABLA ya upasuaji, makalio na mapaja, hata kama yanauma fanya yale mtu wa fiziotherapia aliyokuruhusu. Siku hizi wanakuchoma ganzi ya mgongo, wanakupa dawa ya kupunguza damu kutoka, na jioni ile ile unasimama na magongo, wengine wanalala kwao siku hiyo hiyo. Wiki za mwanzo zinachosha, sitazielezea. Ila usiache mazoezi maumivu yakiisha, hapo ndo watu wanaacha, na misuli ndo inashikilia kila kitu. Dawa za kuzuia damu kuganda meza mpaka mwisho, na kidonda kikianza kutoa maji au ukipata homa rudi haraka, maambukizi ni machache, ila yakiingia kwenye kiungo ni balaa.

Kuhusu kukimbia: kuogelea, baiskeli, kupanda milima madaktari wengi wanaruhusu, kukimbia wanatofautiana. Kwa hiyo msomaji wangu nenda kwa daktari wa pili, beba eksirei zako, muulize plastiki gani anaweka, kichwa ni seramiki au chuma, na kama yeye anaruhusu wagonjwa wake wakimbie.