Kuhusu ile Datsun 1600 SSS: ingia uvunguni kwanza

Ndugu, umeuliza kama inafaa kununua Datsun 1600 SSS iliyokwama injini ili uifufue. Mimi ningeingia uvunguni kwanza, kwa sababu gari hili halina fremu iliyotengana na bodi, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na kutu ikishakula sakafu na vizingiti vya milango, gharama ya kuchomelea inaweza kuzidi bei uliyotajiwa. Injini ya sentimita za ujazo 1,595 isikutishe, kwani hufunguliwa na kuundwa upya. Hakikisha tu kabureta zake zote mbili, zile zinazochanganya petroli na hewa, zipo. Aina hii ya gari ndiyo iliyompa dereva Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1970, nami ningefurahi mno kuiona ikirudi barabarani, lakini sakafu ikiwa imeoza, iache.