Paka Wangu Hawapatani Tangu Tuhame, Nifanyeje?

SWALI: Habari zenu jamani. Nina paka wawili, dume na jike, wamekua pamoja toka wadogo na walikuwa wanalala wamekumbatiana. Wiki jana tumehamia nyumba nyingine na toka siku hiyo ni ugomvi tu, dume akimuona mwenzie anasimamisha manyoya anamrukia, jike kajificha chini ya kitanda, hata kula hatoki. Mume wangu anasema tumgawe mmoja ila mimi roho inaniuma. Au niwaache tu wapigane mpaka wazoeane?

JIBU: Pole sana dada. Usimgawe mtu kwanza, na tafadhali usiwaache wapigane, maana paka wakiumizana hawasahau haraka na kila ugomvi unazidi kuwafanya waogopane.

Kilichotokea ni hivi, paka anamtambua mwenzie kwa harufu kuliko hata kwa macho. Wanaoishi pamoja wanajisuguasugua mashavu na ubavu, wanalambana, mwisho wanakuwa na harufu moja, na nyumba ya zamani kila kona ilikuwa na harufu hiyo. Sasa mmehama, huku kunanuka rangi, sabuni ya deki, pengine na wanyama wa wapangaji waliotoka, vyote vya kwao vimepotea kwa mpigo. Juu ya hapo wana hofu, na paka mwenye hofu akiona labda paka mgeni nje ya dirisha na hawezi kumfikia, hasira anammalizia aliye karibu. Kwa hiyo dume wako hajaanza kumchukia mwenzie.

Waanzishe upya kama hawajawahi kuonana. Jike mpe chumba chake, mlango ufungwe, awe na chakula, maji, boksi la mchanga na pa kujificha humohumo, hata katoni iliyolazwa ubavu inatosha, na usimvute kwa nguvu atoke. Matandiko yao ya zamani usiyafue kabisa! Yale ndiyo yamebaki na harufu ya kwao. Halafu chukua kitambaa safi msugue dume taratibu mashavuni, kiweke karibu na anapokula jike, na cha jike peleka kwa dume. Wakishakinusa bila kufoka, walishe kila mmoja upande wake wa mlango, mwanzo sahani ziwe mbali, kila siku unazisogeza kidogo. Wabadilishane na vyumba pia, huyu akazunguke kwa mwenzie wakati mwenyewe hayupo.

Kuonana kuje mwisho, kwa uwazi mdogo wa mlango, dakika chache huku wanakula kitu wanachokipenda, na uwatenganishe kabla hawajachafukwa. Mmoja akianza kumkodolea mwenzie macho bila kupepesa au kumzibia njia, hapo ugomvi umeshaanza hata kama kimya, rudi hatua moja nyuma. Wakirukiana usiingize mkono, watupie taulo au weka mto katikati, na usiwapige, kipigo kinaongeza hofu tu. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, mwambie na shemeji avumilie.

Hata wakipatana, maboksi ya mchanga yawe matatu, yaani idadi ya paka ongeza moja, na yasipangwe sehemu moja maana mbabe atayalinda yote. Kama dume hajahasiwa ongea na daktari wa mifugo, kuhasi kunapunguza sana ugomvi.

Hilo la kutokula ndo linanipa wasiwasi kuliko yote. Msogezee chakula hukohuko alikojificha, na akipitisha siku nzima hajagusa mpeleke kwa daktari, paka akikaa na njaa mafuta yanajaa kwenye ini na anaweza kufa. Na dume ukimuona anaenda kwenye mchanga mara kwa mara anajikamua, mkojo hautoki au vitone tu, hiyo ni dharura, njia yake ya mkojo ni nyembamba na msongo wa kuhama unaweza kuchangia ikaziba, usisubiri asubuhi.

Nje msiwatoe bado, wakae ndani angalau wiki mbili tatu, la sivyo wanaweza kuondoka kutafuta nyumba ya zamani.