Mama anasahau sana, kutembea kutamsaidia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama ana miaka 66, siku hizi anabandika maharage anaenda kupiga stori kwa jirani mpaka yanaungua. Dada anasema atembee ubongo utachangamka, kweli au ndo mambo ya WhatsApp? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Dada hajakosea. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2011, walichukua wazee 120, nusu wakawa wanatembea dakika 40 mara 3 kwa wiki, wenzao wakanyoosha viungo tu, baada ya mwaka MRI, kipimo cha kupiga picha ya ubongo, ikaonyesha hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, kwa watembeaji imeongezeka kama asilimia 2 na kwa wenzao imepungua asilimia 1.4 hivi. Ila msishangilie sana bana, kwenye mtihani wa kumbukumbu makundi yote mawili yalipanda, hadi hao wa kunyoosha viungo! Kwa hiyo atembee, moyo nao utafaidi, ila kwanza mpelekeni hospitali wampime presha, sukari, thairoidi (ile tezi ya shingoni) na vitamini B12, maana kusahau kwingine kunatokea huko na kunatibika, na kama anatumia dawa zozote, hata za usingizi, bebeni pakiti zake dokta azione.